Seremala wa Zongwe na mashini ya kuchonga: anunue ipi, aiweke namna gani?

Tumtwae seremala mmoja wa Zongwe, huko Kalemie. Jina lake si kitu, maana wako wengi wa hali yake katika parokia zetu. Ana mke na watoto 5. Nyuma ya nyumba ana karakana ya mabati, na humo hufundisha vijana 2 kazi ya randa na patasi. Hutengeneza milango, vitanda na madawati ya shule, na mwaka huu ameombwa mabenchi ya kapela. Kwa muda wa miaka 3 yeye na mkewe wametia fedha katika likelemba, nazo walizikusudia kwa masomo ya mtoto wao wa kwanza. Basi jioni moja mtoto huyohuyo akaja na simu mkononi, akamwonyesha babaye mashini iliyokuwa ikichonga mzabibu juu ya ubao, wala hapakuwa na mkono wa mtu juu yake.

"Mama watoto, njoo utazame," akasema baba.

Mama akatazama mpaka mwisho, huku akijifuta mikono. "Ni kazi nzuri, Baba watoto. Lakini mzabibu huo nani ataununua hapa kwetu? Au ada ya shule tutailipa kwa maua?"

Wasomaji wapenzi, swali la mama huyo lina akili kuliko matangazo yote ya wauzaji. Kabla ya kulijibu, yafaa tujue kwanza mashini yenyewe ni kitu gani.

Wauzaji huiita kwa herufi 3, CNC. Maana yake ni kwamba mwendo wa mashini waongozwa na hesabu zitokazo katika kompyuta. Si uchawi, wala haina akili. Juu ya meza lakaa daraja la chuma au aluminiamu, liendalo mbele na nyuma. Juu ya daraja hilo kuna kigari kiendacho kushoto na kuume, na juu ya kigari imefungwa mota yenye kisu cha kuzunguka, ambayo hupanda na kushuka. Hiyo ndiyo miendo 3, nayo huitwa X, Y na Z. Kila mwendo una mota yake ya hatua. Mota ya namna hiyo haizunguki ovyo: hupiga hatua ndogo ndogo, kwa kawaida 200 kwa mzunguko mmoja, na hatua hizo zote huhesabiwa. Ukiiamuru iende milimita 40 kuume na kushuka milimita 2, itakwenda na kushuka vivyo hivyo. Ukiiamuru vibaya, itafanya vibaya kwa utii uleule.

Asili yake ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitoa mtambo wa kufuma nguo ulioongozwa na kadi zenye matundu. Baada ya vita kuu ya pili, John Parsons wa Traverse City, huko Marekani, alitafuta njia ya kutengeneza kwa usahihi mapanga ya helikopta. Chuo cha MIT kikaingia katika kazi hiyo, na mwaka 1952 kikaonyesha mashini ya kukata chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Ilikuwa kubwa na ya gharama nyingi mno, isiyofaa ila kwa viwanda. Vilivyoisogeza karibu na nyumba ya seremala ni vitu 2 vidogo: kibao cha umeme kiitwacho Arduino, kilichoanzishwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na programu ya GRBL, iliyoandikwa na Mnorwe Simen Svale Skogsrud na kutolewa bure mwaka 2009. Kwa hiyo siku hizi ubongo wa mashini ndogo si ghali. Kilicho ghali ni mwili wake, na huo mwili ndio wa kuchaguliwa kwa makini.

KAZI KWANZA, MASHINI BAADAYE

Seremala wetu na atwae daftari, aandike kazi zote alizofanya tangu mwaka jana. Akiona ya kwamba alitengeneza milango 30 na vitanda 20, wala hakuombwa herufi wala nakshi hata mara moja, basi mashini hii haitamletea mkate. Afadhali anunue msumeno mzuri wa umeme na mbao kavu za kutosha. Lakini akiona kuna watu waliotaka majina ya maduka, misalaba ya makaburi yenye maandiko, mbao za kisolo, masanduku ya zawadi za arusi, picha 14 za Njia ya Msalaba, nao akawarudisha kwa kuwa kazi ya mkono ingechukua siku nyingi, hapo pana jambo la kufikiri. Mashini ya kuchonga huwa na faida hasa pale kitu kilekile kinapotakiwa mara nyingi. Kuchora msalaba wa kwanza kwaweza kuchukua siku nzima mbele ya kompyuta. Wa pili hauna mchoro tena, ila mbao na muda wa kukata.

Ukubwa hujulikana kwa jina. Ile ndogo iitwayo 3018 huchonga eneo la sentimeta 30 kwa 18. Ya kati, 6090, ni sentimeta 60 kwa 90. Ile ya karakana kubwa, 1325, ni mita 1.3 kwa 2.5, nayo hupokea ubao mzima wa tripleksi. (Angalia ujanja wa majina: mawili ya kwanza yahesabiwa kwa sentimeta, la mwisho kwa desimeta. Mtu asiyejua aweza kuagiza 1325 akidhani ni kubwa kidogo tu kuliko kasoro yake, kisha ikamfikia kitu kisichopita mlangoni.)

Baada ya ukubwa utazame ugumu wa mwili. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kisu kikizama katika ubao, ubao nao hukisukuma kisu. Daraja likipinda hata nusu ya milimita, duara litakuwa yai. Ukipata nafasi ya kuiona mashini kabla ya kulipa, shika pua ya mota kwa vidole, uisukume kushoto na kuume, ikicheza, iache. Mashini zinazovutwa kwa mikanda ya mpira ni nyepesi na zaenda mbio, lakini mkanda hunyumbuka. Zile za skrubu ndefu zaenda polepole na kushika vizuri zaidi. Reli za chuma zenye gololi hupita magurudumu ya plastiki. Mimi ningechagua mashini fupi iliyo imara kuliko ndefu inayotetemeka, hata kama majirani watacheka udogo wake.

Kisha mota ya kisu. Mashini ndogo huja na mota ndogo ya umeme wa volti 24, izungukayo mara 10,000 hivi kwa dakika. Yafaa kwa herufi, kwa msonobari na kwa mbao laini. Kwa mbao ngumu kama mninga na mukula italazimika kula kidogo kidogo kama panya. Mashini za kati hutumia mota ya wati 700 na zaidi, au zile ndefu za kilowati 1.5 na 2.2, ambazo nyingine hupozwa kwa hewa na nyingine kwa maji. Ya maji hainguruma sana, lakini ukisahau kufungua pampu siku moja tu, waweza kuiunguza.

Na kwa kuwa tumeitaja mukula: tangu 2019 mti huo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaoangalia biashara ya miti na wanyama walio hatarini, kwa sababu ulikatwa bila kiasi na kusafirishwa ng'ambo. Fundi wa nyumbani asinunue gogo lisilojulikana lilikotoka.

UMEME

Jambo hili kwetu ni zito kuliko yote. Mji wa Kalemie umezoea umeme wa maporomoko ya mto Kiymbi, huko Bendera. Lakini kila jamaa yajua jinsi taa zinavyozimika bila kuaga, na ziko nyumba nyingi ambazo waya hazijafika. Mashini ya kuchonga yachukia giza la ghafula. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota za hatua hupoteza hesabu yao, na zikiamka hazijui zilipo. Msumeno ukisimama, wausukuma tena na kuendelea. Hii haiendelei hivyo, bali yaweza kuanza kuchonga mahali pengine kabisa na kuharibu ubao wa wiki nzima.

Dawa zake ni 2. Ya kwanza, nunua mashini yenye vikomo, yaani swichi ndogo zilizo mwisho wa kila mwendo. Kila inapowashwa, mashini huenda kugusa vikomo hivyo, na kwa hiyo hujua nyumbani kwake. Na GRBL hukumbuka kutoka hapo umbali wa mahali ulipoanzia kazi. Kama vikomo havipo, toboa kishimo kidogo katika ubao wa meza, nje ya kazi yako, mahali pa sifuri. Umeme ukirudi, rudisha ncha ya kisu katika kishimo hicho. Ni njia ya kimaskini, lakini imeokoa mbao nyingi.

Dawa ya pili ni betri. Hapa mashini ndogo yashinda kubwa. Ile ya volti 24, ikitumia wati 120 kwa saa 3, itakula wati-saa 360. Betri 2 za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, zikiunganishwa mstari mmoja, hutoa volti 24 na kuweka wati-saa 2,400. Betri ya risasi isiteremshwe kupita nusu yake, ikiwa wataka ikae miaka. Kwa hiyo hesabu 1,200, nawe una siku nzima ya kazi na zaidi. Mabamba ya jua yatazijaza. Lakini usiunganishe mashini wakati betri zinajazwa, maana volti hupanda juu ya 28. Tia fyuzi karibu na betri. Na kwanza usome kibandiko cha mashini kuona yavumilia volti ngapi. Mota ya kilowati 2.2 ni habari nyingine kabisa: hiyo yataka jenereta nzuri au waya wa mji, na mafuta ya jenereta lazima yaandikwe katika bei ya kila msalaba.

Bei iliyoandikwa katika tangazo siyo bei ya kufika Zongwe. Vyombo vingi vya namna hii vyatoka China, hushushwa Dar es Salaam, huja Kigoma kwa gari moshi au lori, huvuka ziwa, kisha hupita forodha. Fedha zote hizo ziulizwe kabla. Tena seremala asiagize mashini peke yake. Pamoja nayo aagize visu visivyopungua 10, maana mtu anayejifunza huvunja visu. Koleti za kushika visu vya unene mbalimbali. Mikanda ya akiba kama ni ya mikanda. Na kibao kingine cha kuiongoza. Kibao kikiungua, na cha akiba hakipo, mashini nzima yageuka kuwa kiti cha kuku mpaka mzigo mwingine uvuke ziwa.

MTOTO AJARIBIWE KWANZA

Kuna kazi moja isiyotaka mashini, nayo ni kuchora. Inkscape na FreeCAD ni programu za bure, nazo zafanya kazi hata katika kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumiwa. Basi kabla ya kugusa likelemba, baba amwambie mwanawe: "Una miezi 2. Nichoree jina la kapela kwa herufi nzuri, vipimo vyote kwa milimita, kisha nionyeshe njia ambayo kisu kitapita." Kijana akiweza, amekwisha kujifunza nusu ya kazi, na hakuna fedha iliyopotea. Akichoka katika wiki ya pili, baba ameokoa ada ya shule. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo la lazima kupita yote yaliyoandikwa katika ukurasa huu, na ndilo ambalo wanunuzi hulifanya mwisho.

Wako wanaoogopa ya kwamba mashini itawanyima vijana 2 wa karakana chakula chao. Hofu hiyo si ya kijinga. Papa Yohane Paulo 2 aliandika mwaka 1981, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu iitwayo Laborem Exercens, ya kwamba ufundi wa mashini ni msaidizi wa mtu, lakini pengine waweza kugeuka kama adui yake, ukimwondolea furaha ya kazi au ukimnyang'anya kazi yenyewe. Lakini tazama jambo moja ambalo kila seremala atalielewa mara. Kisu cha mashini ni cha duara. Hakiwezi kuchonga pembe kali ya ndani. Kisu cha milimita 6 huacha katika kila pembe mviringo wenye nusu-kipenyo cha milimita 3. Ukitaka tundu la kupokea ulimi wa benchi, mashini italichimba kwa haraka, lakini pembe zake 4 zitakuwa za mviringo. Ama kijana azinyoshe kwa patasi, ama azungushe ulimi kwa tupa. Nakshi zenye makali ya ndani, kama zile za milango ya Zanzibar, bado zadai mkono mwisho wake. Asiyejua patasi hatakuwa fundi kwa kununua kompyuta. Babu zetu wa Mpala, ambako Mapadri Weupe walifika mwaka 1885, walijifunza kwanza kunoa chuma. Na wa leo aanzie papo hapo.

KUIWEKA

Tuseme mtoto ameshinda jaribio, ada ya muhula imelipwa kwanza, na mzigo umefika salama. Meza iwe nzito. Ya mbao nene iliyofungwa ukutani ni bora kuliko ya chuma chembamba. Ipimwe kwa pimamaji. Fungua sanduku, uhesabu skrubu zote, uzikaze moja moja, maana safari ya lori na ya ziwa huzilegeza.

Sasa pembe. Daraja lisimame mraba na mwendo wa meza. Mraba mdogo wa seremala hautoshi. Afadhali uitumie mashini yenyewe. Itoboe vishimo 4 katika ubao, pembe za mstatili wa milimita 240 kwa 160, kisha upime kutoka pembe hadi pembe mkabala. Vipimo vyote 2 vikiwa sawa, daraja ni mraba. Vikitofautiana hata milimita 1, legeza, sogeza, toboa tena. Fundi mmoja ataimaliza kazi hii kwa saa moja, mwingine kwa siku 2, asiione haya.

Halafu vipimo vya mwendo. Mota hupiga hatua 200. Kwa kawaida kibao huzigawa kila hatua mara 16, yaani 3,200 kwa mzunguko. Kama skrubu yasogeza milimita 8 kwa mzunguko, ni hatua 400 kwa kila milimita. Andika hiyo katika GRBL, mahali pa $100, $101 na $102, kwa X, Y na Z. Kisha uiamuru iende milimita 100, nawe upime kwa rula ya chuma. Ikienda 99, zidisha 400 kwa 100, gawanya kwa 99: ni 404. Rudia mpaka iseme kweli. Lakini kwa skrubu nzuri makosa makubwa hutokana zaidi na rula au na macho. Pima mara 3 kabla ya kubadili tarakimu.

Juu ya meza ufunge ubao wa kuumizwa, kwa mfano tripleksi nene, kisha uusawazishe wote kwa mashini yenyewe kwa kisu kipana, ukila nusu milimita. Baada ya hapo kila mahali patakuwa na urefu mmoja kutoka kwa kisu. Ukiona mistari kama ngazi ndogo, mota yako haisimami wima. Tia karatasi nyuma ya kibano chake mpaka ngazi zitoweke.

Mwendo na kina sasa. Hesabu yake ni rahisi: mizunguko ya kisu kwa dakika, mara idadi ya makali, mara unene wa nyuzi wanazokata. Mizunguko 10,000, makali 2, nyuzi za milimita 0.05: ni milimita 1,000 kwa dakika. Huo ni mwanzo tu, na mashini dhaifu ianze na nusu yake. Katika mbao ngumu, mashini ndogo isizame zaidi ya nusu milimita kwa kila pito. Mashini imara yaweza kwenda nusu ya unene wa kisu. Baadaye usikilize. Ikilia na kutetemeka, punguza kina. Ikitoa unga laini kama wa muhogo na harufu ya moshi, kisu ni butu au kinasugua mahali pamoja kwa muda mrefu. Ongeza mwendo au punguza mizunguko. Maranda madogo yenye umbo, hayo ndiyo tuyatakayo.

Mbao ziwe kavu. Kanuni ya zamani yasema mwaka 1 wa kukauka kivulini kwa kila sentimeta 2.5 za unene. Ubao mbichi waweza kuchongwa vizuri asubuhi na kupinda kabla ya Dominika. Na wakati wa masika mbao hunywa unyevu, hata zile zilizokwisha kauka. Kisu kijuacho kushuka milimita 2 hakijui ya kwamba katikati ya ubao pameinuka.

Makosa ya kwanza ni karibu yaleyale kwa wote. Mchoro uliofanywa kwa inchi husomwa kama milimita, na msalaba uliokusudiwa kuwa mkubwa hutoka mdogo mara 25.4, wa kuvaliwa shingoni. Amri G21 mwanzoni mwa faili huiambia mashini ya kuwa tunasema milimita. Sifuri ya Z huwekwa chini badala ya juu ya ubao, na kisu huzama mpaka mezani, au kinyume chake hukata hewa. Kibano cha kushika ubao husahauliwa katika njia ya kisu. Kwa hiyo mara ya kwanza iendeshwe hewani, kisu kikiwa sentimeta 2 juu ya ubao, na kijana asimame karibu na kitufe chekundu.

VUMBI

Mama watoto aliuliza jambo la pili, tena hili hakulipata jibu upesi. "Hiyo mashini italala wapi?" Mumewe alitaka kuiweka chumbani, isije ikaibwa.

Haiwezekani. Vumbi la mbao limo tangu mwaka 1995 katika daraja la kwanza la vitu vinavyojulikana kuleta kansa, kwa hukumu ya shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lililoko Lyon. Huumiza hasa pua na mifereji yake. Unga wake ukijaa hewani karibu na moto waweza kulipuka. Basi isikae chumba cha kulala, wala karibu na jiko la mkaa. Iwekwe karakana, penye madirisha 2 yanayoelekeana, mlango wenye kufuli nzuri. Na anayefanya kazi avae barakoa na miwani, afunge mikono ya shati, asivae kamba ya rozari shingoni mbele ya kisu chenye kuzunguka. Rozari ikae mfukoni. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, lisipeperushwe. Wala mashini isiachwe peke yake hata kama inajiendesha: kisu kinachosugua mahali pamoja huwasha ubao, na karakana ya seremala imejaa kuni.

Mwaka 1955 Papa Pius 12 aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mabenchi ya kapela yangetakiwa kuwa tayari siku hiyo. Seremala wetu akaketi na mkewe, wakapanga: ada ya shule ikatengwa ikae peke yake, isiguswe; sehemu ya likelemba iliyobaki haikutosha mashini ya kati, ila ndogo na visu vyake, na betri 1 tu. Ya pili ataikopa kwa shemeji yake, mwenye duka la kuchaji simu.

"Ndogo hiyo haitaweza mabenchi," akasema mama.

"Haitaweza. Mabenchi tutayafanya kwa randa kama siku zote, mimi na vijana. Yenyewe itaandika majina ya familia zilizotoa mbao, jina moja katika kila benchi."

Mama akahesabu kwa vidole. "Ni familia 22. Na wale wa ng'ambo ya mto nao watataka ya kapela yao, wakiyaona."

"Watataka."

"Basi waambie mapema kwamba mbao waje nazo wenyewe, tena kavu," akasema mama. Kisha akamwita mtoto aje na daftari.